Saa ya Magugu Kunywa Dawa

Mwanangu Saidi,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo wangu, stesheni, kwa hiyo hapa nazivuka. Barua hii utaletewa usiku huu huko ulikokwenda kulala na kuaga wenzako. Habari za chandarua, za kufua nguo kila wiki na za kutokula vya njiani, baba yako alishakwambia mara tatu asubuhi kabla hujatoka, na sasa yuko uani anafunga sanduku lako kwa kamba kama vile ndani yake kuna chui. Mimi nimekaa kwenye mkeka mlangoni, jua bado liko juu ya minazi, naandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni, maana ndizo nilizofundishwa utotoni Kilwa. Nawe ulizijua hizi kabla ya zile za shule, kwa hiyo usinicheke ukikuta nukta imepotea njia.

Nataka kukueleza jambo moja tu. Mchana wa leo nilikwenda kwa mama yako mkubwa Mwanahawa, nikamwambia neno nililomficha tangu wewe ukiwa darasa la kwanza. Urafiki wetu nimeuweka mikononi mwake, aukate au auache. Nataka nawe ulisikie neno hilo kwangu, si kwa watu. Linahusu magugu. Usishangae, unakwenda kusomea kilimo huko bara, na huko magugu utayasikia mpaka uyachoke.

Unajua kwamba Mwanahawa si ndugu yangu wa tumbo moja, ingawa unamwita mama mkubwa. Tulipanda lori moja kutoka Kilwa, wote wawili tumeolewa juzi, tukiwafuata waume zetu waliokuja kutafuta kazi kwenye mkonge. Mume wake alifariki mapema, akabaki hapa Gongo la Mboto bila mtoto wala ndugu, na tangu siku hiyo tukawa tunapika chungu kimoja. Shamba la mzungu, unalolijua, wakati huo lilikuwa na mkonge upande mmoja na mahindi ya kulisha vibarua upande wa pili. Wanaume walikata mkonge. Sisi wanawake tulipalilia mahindi. Kila mmoja alipimiwa ngwe yake, yaani kipande cha ardhi cha kumaliza kwa siku, na nyapara Kondo alipita na ufito wake mrefu akikipima. Ukimaliza unatiwa alama kwenye kadi yako. Usipomaliza, siku yako imekwenda bure.

Ngwe yangu na ya Mwanahawa zilikuwa zinapakana kila siku, tulihakikisha hivyo. Yeye alikuwa na mkono mwepesi kuliko mwanamke yeyote pale. Akimaliza yake anaingia yangu kunisaidia, maana mimi nilikuwa mzito. Si mzito wa mwili. Nilikuwa nang'oa gugu, nalipindua, natazama mizizi yake, nahesabu majani yake, natafuna kidogo nijue ladha.

"We Zuhura," Mwanahawa alikuwa akiniambia, "unalima au unasoma?"

"Nalima."

"Mbona midomo inacheza?"

Nilikuwa nahesabu, ndiyo maana. Jembe lilinifundisha kitu ambacho sikuambiwa na mtu. Mahindi yakiwa na majani manne au matano, gugu linaloota wakati huo ndilo adui. Ukilikwangua siku hiyo, kabla ya adhuhuri limekauka. Ukiliacha siku kumi, utalikata shingo, mvua itanyesha, litainuka tena na mashina matatu badala ya moja. Na lile linaloota mahindi yakiwa yamefika kiunoni halina shida kubwa, kivuli chenyewe kinalimaliza. Kwa hiyo palizi nzima, ukiitazama vizuri, ni siku chache tu za mwanzo. Nyapara hakulijua hilo, au alilijua akanyamaza, maana ngwe tulipimiwa mwezi mzima. Mimi nilibaki najiuliza: kwa nini gugu changa linakufa kwa kuguswa tu, na zee unalikata halifi? Ile nguvu inaliingia siku gani? Nilitaka kuiona siku yenyewe.

Miaka michache baada ya vita vya pili vya wazungu akaja kijana wa kizungu aliyetumwa kujaribu dawa ya magugu. Jina lake silijui mpaka leo. Sisi tulimwita Bwana Dawa. Alikuja na mapipa kwenye lori, na mabomba ya kubeba mgongoni, na dawa yenyewe ilinuka kama sakafu ya hospitali. Tukaambiwa tukae nje ya shamba, tusiguse chochote, mpaka Bwana Dawa awe tayari. Akachelewa kuwa tayari. Bomba moja lilikosa mpira, maji yalikuwa mbali, halafu ikaja Jumapili. Magugu nayo hayakumsubiri. Kishona nguo kikarefuka kuliko mahindi, kikatoa maua, kikaanza kushikana na khanga zetu tukipita njiani. Mvua zikapumzika, ardhi ikapasuka, majani ya magugu yakajikunja kwa kiu na kujaa vumbi. Hapo ndipo Bwana Dawa akasema sasa, na tena saa sita mchana, upepo unavuma kutoka baharini mpaka matone yanarudi usoni kwa wapiga bomba.

Siku ya pili ncha za mchicha pori zilijipinda kama ukindu mbichi uliosahauliwa juani. Tukaogopa. Lakini baada ya wiki mvua ikanyesha kidogo, na magugu yakajinyoosha kama mtu aliyetoka kulala. Wanawake tulicheka mpaka tukakaa chini. Mwanahawa alimtungia Bwana Dawa wimbo, nao ulikuwa na matusi kidogo, sitauandika. Tulikuwa na haki ya kucheka, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa ameshaelewa kwamba yale mapipa yakifanya kazi, sisi hatuna kazi.

Mimi nilicheka nao. Lakini nilipoinama kufunga khanga nikaona kitu. Chini ya yale magugu marefu kulikuwa na machanga, yaliyoota juzi tu, yenye majani mawili mawili, na yale machache yaliyopata matone yalikuwa yamekufa kabisa. Hayakujipinda tu. Yalikuwa yamelala chini, meusi, shina limepasuka. Dawa ile ile, siku ile ile, saa ile ile. Nikasimama pale mpaka Mwanahawa akaniita mara mbili.

Mwanangu, nilishikwa na hamu ambayo sikuwahi kuipata kwa chakula wala kwa nguo. Nilimwomba mpiga bomba mmoja masazo ya dawa, akanitilia kwenye kopo la maziwa, akaniambia nisilionje. Hapo uani, pale baba yako anapohangaika na kamba sasa hivi, nikalima vijaruba vidogo na kupanda magugu. Ndiyo, nilipanda magugu. Kishona nguo kwa mbegu zake, mchicha pori kwa mbegu zake, na mstari mmoja wa mahindi katikati. Mwanahawa alipita akasimama, mkono kiunoni.

"Shoga, wenzio wanapanda mchicha wa kula, wewe unapanda wa kutupa?"

"Nataka kuona tu."

"Kuona nini?"

"Sijui bado."

Akatikisa kichwa akaenda zake. Hakuniuliza zaidi.

Nilikuwa nanyunyiza dawa kwa fagio la chelewa, kila kijaruba kwa wakati wake, na pembeni nachomeka kijiti chenye kitambaa: cheupe cha asubuhi, cha kaniki cha adhuhuri, chekundu cha alasiri. Wewe huenda unavikumbuka vijiti hivyo, maana siku moja uliving'oa vyote ukavifanya ng'ombe wako, ikanibidi nianze upya. Nilikuchapa. Nisamehe, hukujua, na mimi sikuweza kukueleza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la upepo. Nilinyunyiza adhuhuri moja nikidhani nyumba inakinga, kumbe upepo unazunguka, ukachukua matone mpaka kwenye maboga na kunde za baba yako nyuma ya choo. Kesho yake maboga yamejisokota shingo kama yamesikia habari mbaya. Baba yako akasema ni ugonjwa. Nikasema ndiyo, ni ugonjwa. Alikula ugali kwa dagaa muda mrefu mwaka ule, na mpaka leo hajui, kwa hiyo barua hii usimsomee.

Kidogo kidogo nikaanza kuona. Gugu lenye majani mawili mpaka manne halina ujanja, dawa inalimaliza. Likifika majani sita linapigana, mengine yanakufa, mengine yanapona. Likitoa ua, unapoteza dawa yako bure. Lakini umri peke yake hautoshi, na hili lilinisumbua sana, kwa sababu kijaruba kimoja cha machanga kilipona chote. Nikarudia mara mbili ndipo nikaelewa: nilikuwa sijakimwagilia. Gugu lenye kiu hujifunga, kama mtu anayekaza midomo asinyweshwe dawa chungu. Ardhi ikiwa na unyevu, mvua imenyesha siku mbili tatu nyuma, hapo gugu linakua kwa tamaa na linakunywa chochote linachopewa. Tena si alfajiri. Alfajiri umande umejaa kwenye jani, dawa inateleza inaangukia chini. Saa mbili, saa tatu asubuhi, umande umekauka, upepo wa bahari haujaamka, jani limefunguka lote: hiyo ndiyo saa yake ya kunywa. Halafu uombe mvua isinyeshe mpaka jioni.

Ndago peke yake, lile gugu kama nyasi lenye vinundu mizizini, haikujali. Niliinyunyizia changa, niliinyunyizia kubwa, ikanitazama. Na muhindi nao haukufa, ingawa ulipata matone yale yale. Hili silijui mpaka leo na linaniwasha. Jani la muhindi linajuaje kuikataa dawa ambayo boga linaipokea? Kuna mlango wapi? Ukifika huko waulize walimu wako, na jibu niandikie, hata kama ni refu, hata kama hutalielewa wewe mwenyewe. Mimi nitalisoma polepole.

Sasa nafika mahali penye uzito.

Bwana Dawa alijaribu mara ya pili, upande mwingine wa shamba uliokuwa umepandwa baadaye. Safari hii magugu yalikuwa machanga na ardhi ina maji, lakini alipiga alfajiri, juu ya umande, na kabla ya saa nne mvua kubwa ikashuka ikaosha kila kitu. Baada ya siku kadhaa magugu yalikuwa mazuri kuliko mahindi. Mwenye shamba akakasirika. Ikasemwa dawa ni mbovu, mapipa yarudi yalikotoka, na wanawake waingie na majembe Jumatatu. Siku hiyo Mwanahawa alicheza ngoma peke yake njiani, jembe kichwani. Alikuwa amekaa siku nyingi bila alama kwenye kadi, na kwake hapakuwa na mume wa kuleta chochote.

Kesho yake nilipita shambani na kuni zangu. Lori lilikuwa linapakiwa. Bwana Dawa alikuwa amechuchumaa peke yake kwenye mstari wa mahindi, ameshika mchicha pori mmoja, anaupindua, anatazama mizizi yake. Kondo alikuwa amesimama karibu naye na ufito wake. Mwanangu, nilimtazama yule kijana nikajiona mwenyewe. Ule uso niliujua, uso wa mtu ambaye kitu kimemshinda na hataki kukiacha. Nikatua kuni.

"Bwana," nikamwambia, "dawa si mbovu. Unaipiga saa isiyokuwa yake."

Akainua kichwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. "Nini? Sema tena."

Kondo akanikatiza, kwa sauti ya chini na kwa haraka ili mzungu asishike maneno. "Mama Saidi, hebu beba kuni zako uende. Haya hayakuhusu."

Nilimsikia vizuri. Nilijua pia kwa nini anasema hivyo. Nikajifanya kiziwi. Nikachuchumaa, nikamwonyesha yule kijana kwa vidole: majani mawili, majani manne, basi, mwisho hapo. Nikamwonyesha jua likiwa wapi. Nikamgusisha jani lenye umande na jani kavu. Akatoa kitabu kidogo akawa anaandika, na kila nikinyamaza anauliza, na akiuliza ananisubiri nijibu. Sikumbuki mtu mzima mwingine aliyewahi kuniuliza swali akanisubiri namna ile. Nilizungumza mpaka kuni zikapata jua. Nilifurahi, Saidi. Sitakudanganya kwamba nililazimishwa au kwamba nilipewa kitu. Nilifurahi kama bibi harusi.

Mapipa hayakuondoka. Masika yaliyofuata wakapiga dawa nilivyosema, siku ya tatu baada ya mvua, saa mbili asubuhi, magugu yakiwa na urefu wa kidole. Jumatatu ya kuanza palizi wanawake wote tukaja na majembe yetu kusubiri ngwe. Kondo akatoka, akatuambia mahindi hayahitaji jembe mwaka huu, turudi nyumbani. Shamba lilikuwa limesafishika, magugu yamelala meusi katikati ya mistari, na mimi, Mungu anisamehe, kabla ya kuwaonea huruma wenzangu nilitazama chini kwanza, kuona kama hata yale ya pembeni yamekufa. Yalikuwa yamekufa.

Kondo akaniita kando. Mzungu alikuwa ameacha neno kwamba mimi nibaki. Kazi yangu iwe kutembea shambani kila asubuhi wakati wa mvua, kutazama majani, na kusema lini. Ndiyo ile kazi uliyoijua, uliyokuwa unawaambia wenzako kwamba mama anahesabu majani. Ada yako ya shule ilitoka hapo, na viatu vyako, na hili sanduku.

Njiani Mwanahawa alinisubiri.

"Mie nimeambiwa niende, na wenzangu wote. Wewe wamekuweka. Kwa nini?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikalimeza. "Sijui shoga. Labda kwa sababu mume wangu anajuana na Kondo."

"Kondo!" akasema, akatema mate. "Kumbe ndiye aliyetuuza. Na sie tulikuwaga tunamwekea hata muhogo wa kuchoma."

Na mimi nikanyamaza. Neno moja tu, ningelisema pale, angenitukana, angelia, pengine yangekwisha siku ile ile. Niliona nitalisema kesho. Kesho yake alikuja kwangu na kibaba cha unga, tugawane, kwa kuwa eti nami nimebaki peke yangu kati ya wanaume. Ningesemaje?

Yaliyofuata unayajua, ila uliyaona kwa upande mmoja. Ulimwona mama yako mkubwa akikaanga maandazi kuuzia wasafiri stesheni, mkono wake wa kulia una kovu la mafuta mpaka kwenye kiwiko. Ulikula maandazi hayo miaka yote bila kulipa. Ulimwona akipishana na Kondo njiani bila kuitikia salamu. Mzee wa watu anasema, "Habari za asubuhi, Bi Mwanahawa," na yeye anatazama minazi. Uliniuliza kwa nini nikakwambia ni mambo ya wakubwa. Kondo alijua sababu. Alijua yote, alikuwepo. Hakuniumbua hata siku moja. Siku moja tu, tukiwa wawili shambani, alinitazama akasema, "Mama Saidi, mzigo huu nikubebee mpaka lini?" Nikacheka kama vile ametania. Hakurudia tena.

Miaka ya karibuni, magugu mengine yalipokwisha, ndago ilipata nafasi ikajaa shamba zima, na mwenye shamba akaita tena wanawake wachache wenye majembe. Nilikimbia kumwambia Mwanahawa. Akasema hawezi kumwinamia Kondo ampimie ngwe. Nilikaa kwake jioni ile nzima, mdomo umefungwa.

Kondo alifariki mwaka huu kabla ya Ramadhani, wewe ukiwa shuleni. Mji mzima ulikwenda. Mwanahawa hakwenda. Unajua kwetu maana yake nini kutokwenda msibani kwa jirani. Watu walisema, na bado wanasema. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, na dirisha liko wazi, nikasikia kaka yake amesimama kabla jeneza halijainuliwa, akitangaza kama ilivyo desturi: kama kuna mtu yeyote marehemu alimkosea, amsamehe, asiende na dhambi ya mtu. Nje wanaume wakaitikia kwamba wamemsamehe. Nikajua kuna mtu mmoja hakuitikia, yuko nyumbani kwake anachuja unga, na hasira aliyoikaza ilikuwa haki yangu mimi, si ya maiti yule. Nilitoka nikaenda kukaa nyuma ya nyumba. Wakadhani ni joto.

Tangu siku hiyo nimepanga maneno na kuyapangua. Nilijitetea ndani ya kichwa changu kwa namna nyingi. Kwamba mzungu angegundua mwenyewe. Kwamba mtoto alihitaji ada. Kwamba nilikuwa sijui yatatokea nini, mwanamke wa jembe, ningejuaje? Hii ya mwisho ndiyo niliyoipenda zaidi. Nimeikalia miaka hii yote kama kigoda, na leo nilikwenda nayo kwa Mwanahawa, nimeishika tayari.

Alikuwa anakanda unga wa maandazi yako ya safari. Nikakaa. Nikamwambia yote, kuanzia lile kopo la maziwa. Aliendelea kukanda. Nilipofika mahali pa Kondo na kuni, mikono ikasimama ndani ya unga.

"Kondo alikwambia uende zako?"

"Ndiyo. Alitaka kuwakinga nyie."

"Na wewe ukaendelea."

"Nikaendelea."

Nilisikia gari moshi la mizigo likipita lote. Halafu akaniuliza, kwa upole, ule upole wake unaoujua, ambao afadhali angepiga kelele.

"Zuhura. Ulipokuwa unamwambia yule mzungu, ulijua tutafukuzwa?"

Nilikuwa na jibu langu tayari, mwanangu, limenyooka, limesuguliwa. Nikafungua mdomo kulitoa, likakataa. Kwa sababu kutoka pale nilipotua kuni mpaka pale alipochuchumaa yule kijana palikuwa na hatua chache, na katika hatua hizo niliwaza jina lake. Nilimwona Mwanahawa na jembe kichwani. Nikalisukuma kando, nikaenda, kwa sababu nilitaka kujua kama nimepatia. Shamba langu lilikuwa vijaruba vya uani. Nilitaka kuona kwenye shamba kubwa.

"Nilijua," nikamwambia.

Hakulia. Alinawa mikono, taratibu, kidole kwa kidole. Akasema, "Nimemnyima yule mzee salamu mpaka amekufa." Halafu akasema, "Mtoto nitamsindikiza kesho. Ni mwanangu, hana kosa. Ila wewe pale stesheni usinisemeshe. Siku nikiweza, nitakuja mwenyewe."

Nikauliza, "Na usipoweza?"

Akanifungulia mlango.

Sina wosia wa kukupa juu ya haya. Huko unakokwenda watakufundisha mambo mazuri, na utapata ile furaha, naijua itakushika, nimekuona ukifungua saa ya baba yako na kushindwa kuifunga. Siombi uizime. Mimi mwenyewe, na aibu yangu hii yote, nikipita shambani asubuhi bado naangalia jani limefunguka kiasi gani. Ila nilitaka ujue sanduku lako limetoka wapi, na ni mkono wa nani ulioungua.

Baba yako ameshafunga kamba, na sasa ananiuliza mswaki wako uko wapi. Uko ndani ya sanduku.

Kesho utatukuta stesheni tumesimama mbalimbali, yeye na kapu lake upande mmoja, mimi na baba yako upande wa pili, na watu watakuwa wanatutazama. Utateremka njia ya stesheni mbio kama kawaida yako, na miguu yako itataka kuja kwangu.

Nenda kwake kwanza.

Mama yako,
Zuhura